Analojia au dijitali? Mwongozo wa efekti na amplifaya kwa wapiga gitaa la umeme



Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno. Mazoezini, kanisani, hata kituo cha daladala mtu akiniona na begi la gitaa mgongoni: "Kaka, ninunue analojia au dijitali?" Leo nimeamua kuliandika lote mahali pamoja, akiuliza mwingine nampa linki tu akasome mwenyewe. Ni ndefu kidogo. Kama uko cafe na dakika zinakata, lisevu kwenye flashi ukasome nyumbani, au ruka moja kwa moja hadi namba 7 na 8. Huko ndiko iliko hela yako.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Hapa Bongo neno "analojia" liliharibika jina tangu tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya TV ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam na watu wakakimbilia ving'amuzi. Toka hapo mtu aliyepitwa na wakati anaambiwa yuko analojia. Kwa wapiga gitaa mambo ni kinyume: analojia ndiyo inasifiwa, dijitali ndiyo inatukanwa. Mimi nasema kote huko tunadanganyana. Neno hilo peke yake halikwambii kama kitu kitalia vizuri au vibaya. Linakwambia kinafanyaje kazi ndani, kinataka umeme gani, na kikifa nani atakifufua. Hayo ndiyo ya kuuliza kabla hujatoa pesa.

1. GITAA LENYEWE NI ANALOJIA

Chini ya nyuzi za gitaa lako kuna pikapu, siyo ile ya kubebea mchanga. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya ule waya. Umeme huo unapanda na kushuka sawasawa na uzi unavyotikisika. Hiyo ndiyo maana ya analojia: umeme unafuata umbo la sauti bila kukatika.

Tatizo ni kwamba umeme huo ni mdogo sana, mara nyingi ni sehemu tu ya volti moja. Hauwezi kusukuma spika. Ndiyo maana tunahitaji amplifaya.

2. AMPLIFAYA: VALVU NA TRANSISTA ZOTE NI ANALOJIA

Hapa wengi wanachanganya. Mtu akiona amplifaya haina valvu anasema "hiyo dijitali". Siyo kweli!

Valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka wekundu, kama zilizokuwa kwenye redio za zamani za babu. Amplifaya za mwanzo zote zilikuwa za aina hiyo. Fender wa Marekani walitoa Bassman mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa la besi, lakini wapiga solo wakaipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jim Marshall na mafundi wake kule London wakatengeneza JTM45 kwa kufuata saketi ya Bassman. Sauti nyingi za roki unazozisikia zina ukoo na mashine hizo mbili.

Sifa ya valvu ni hivi: ukiisukuma kupita uwezo wake haikati sauti ghafla. Inaanza kubana vilele vya mawimbi polepole, sauti inanenepa, inakwaruza kidogo, na inafuata mkono wako. Piga kwa nguvu inakwaruza, piga taratibu inasafika. Zamani hilo lilikuwa kasoro, wapigaji wakaligeuza kuwa utamu.

Ubaya wake? Ni nzito, ina joto, valvu zinachakaa na kutaka kubadilishwa, na utamu wenyewe unapatikana ukiwa umefungua sauti sana. Wati 30 za valvu zikifunguliwa hadi zikwaruze, kwenye nyumba ya kupanga utafukuzwa siku hiyo hiyo.

Transista iligunduliwa maabara ya Bell Marekani mwaka 1947, na baadaye ikaingia kwenye amplifaya. Bado ni analojia, umeme unapita bila kugeuzwa namba. Transista ni nyepesi na haihitaji kupata moto kwanza ndipo ilie. Ukiisukuma kupita kiasi huwa inakata vilele vya mawimbi kwa ukali zaidi kuliko valvu, ndiyo maana watu wa roki waliiponda. Lakini kwa sauti safi ni mwisho wa matatizo. Roland Jazz Chorus JC-120 ilitoka mwaka 1975, ina transista tupu, na mpaka leo inatajwa kila watu wanapoongelea sauti safi.

3. EFEKTI ZA ANALOJIA

Efekti ni kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Wengi wetu tunakiita pedali.

Pedali ya kukwaruza sauti ni kitu rahisi ajabu. Ndani kuna transista au chipu ndogo, diodi, resista na kapasita, basi. Maestro Fuzz-Tone ilitoka mwaka 1962, na Keith Richards akaitumia kwenye "Satisfaction" ya Rolling Stones mwaka 1965. Baada ya hapo kila mtu akataka yake. Boss DS-1 ilitoka mwaka 1978, na Tube Screamer ya Ibanez ikafuata muda mfupi baadaye. Saketi za pedali hizi zinajulikana dunia nzima, na fundi redio mwenye akili zake akipewa mchoro anaweza kukuundia moja.

Mwangwi ndiyo ulikuwa kazi ngumu. Zamani walitumia utepe wa sumaku unaozunguka: kichwa kimoja kinarekodi, kingine kinasoma baada ya muda kidogo. Roland Space Echo RE-201 ya mwaka 1974 ilifanya kazi hivyo. Mwaka 1969 wahandisi wa Philips, Uholanzi, walibuni chipu yenye kapasita nyingi zilizopangwa foleni. Kila moja inapokea umeme na kumpa jirani yake, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji nyumba ikiungua. Umeme ukifika mwisho wa foleni umeshachelewa, na huo ndio mwangwi wako.

Ndoo zikipokezana maji yanamwagika kidogo. Ndiyo maana kila mwangwi wa analojia ukijirudia unafifia na kuwa mzito, ukali unapungua. Wengi wanaupenda kwa sababu hauzibi noti mpya unayopiga. Lakini una mipaka: Boss DM-2 ya mwaka 1981 ilichelewesha sauti hadi milisekunde 300 tu, yaani chini ya theluthi moja ya sekunde.

4. DIJITALI INAFANYAJE?

Dijitali inapima ule umeme wa gitaa mara nyingi sana kwa sekunde, inaandika kila kipimo kama namba, kompyuta ndogo inazifanyia hesabu zile namba, halafu zinarudishwa kuwa umeme. CD zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 zinapima mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kina biti 16, yaani ngazi 65,536. Vifaa vingi vya gitaa vya siku hizi vinatumia biti 24, zaidi ya ngazi milioni 16.

Kwa kuzishikilia namba kabla hazijarudi kuwa umeme, Boss DD-2 iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliweza kuchelewesha sauti hadi milisekunde 800, na kila mwangwi ukatoka msafi kama wa kwanza.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiga amplifaya yenyewe kwa hesabu. Line 6 wa Marekani walitoa POD mwaka 1998, kile kidude chekundu chenye umbo la punje ya maharage. Axe-Fx ya kampuni ya Fractal ikaja mwaka 2006. Mwaka 2011 Wajerumani wa Kemper wakaleta mashine inayosikiliza amplifaya ya kweli na kuinakili tabia yake. Sasa hivi kuna hadi programu ya bure, Neural Amp Modeler, inayojifunza sauti ya amplifaya na kukupa kwenye kompyuta. Kwa wanaotumia Linux kuna Guitarix, nayo bure kabisa.

5. MALALAMIKO JUU YA DIJITALI: KWELI NI IPI, POROJO NI IPI?

"Dijitali inakata sauti vipande vipande, ina ngazi ngazi." Porojo. Vipimo 44,100 kwa sekunde vinatosha kurudisha wimbi lolote hadi mitikisiko 22,050 kwa sekunde, na sikio la mtu linaishia kama 20,000. Kinachotoka mwishoni ni wimbi laini, siyo ngazi. Tena spika ya kawaida ya gitaa ya inchi 12 huanza kushusha sauti kali kuanzia kama mitikisiko 5,000. Yaani spika yako inakata mengi kuliko dijitali.

"Dijitali inachelewa." Inategemea. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja ni kama milisekunde 3. Kompyuta ikikusanya vipimo 128 kwa mpigo, kwa kasi ya 48,000, inachelewa milisekunde 2.7. Hiyo ni sawa na kurudi nyuma hatua moja kutoka kwenye spika, huwezi kulalamika. Ikikusanya 1,024 inachelewa milisekunde 21, na hapo hujahesabu muda wa kuingia na kutoka. Utasikia kama vidole vyako vimelewa. Simu nyingi za Android, hasa za zamani, zina shida hii, siyo wewe hujui kupiga.

"Dijitali ina mlio wa ajabu ukiweka kukwaruza kwingi." Hii ina ukweli. Kukwaruza kunazalisha milio mipya ya juu sana. Kama hesabu zimefanywa kivivu, ile isiyoweza kupimika inarudi chini kama milio ya uongo isiyoendana na noti. Vifaa vya bei ya chini vya zamani vilikuwa na tatizo hilo. Vizuri vya sasa vinafanya hesabu kwa kasi kubwa zaidi ndani ili kulizuia.

"Nilichomeka dijitali kwenye spika za kanisa ikalia kama nyuki kwenye debe." Ndugu yangu, hapo umeisingizia dijitali. Chomeka na pedali ya analojia ya kukwaruza moja kwa moja kwenye miksa, utasikia nyuki wale wale. Spika za ukumbini zinatoa milio yote mikali ambayo spika ya gitaa ingeizima. Kwenye kifaa cha dijitali tafuta sehemu ya kuiga kabati la spika uiwashe. Kinyume chake, ukichomeka kwenye amplifaya ya gitaa, izime, la sivyo utakuwa na spika juu ya spika na sauti itakuwa kama imefunikwa blanketi. Jambo hili moja limewafanya vijana wengi wauze vifaa vizuri kwa bei ya kutupwa.

6. MUZIKI GANI UNAPIGA?

Ushauri mwingi ulioko kwenye intaneti umeandikwa na wapiga roki wa Marekani na Uingereza. Wao wanatafuta kukwaruza kuzuri, na kwao mjadala wa valvu una maana kubwa. Sisi je?

Sikiliza dansi letu, Mlimani Park au Msondo Ngoma, au rumba ya Kongo ya kina Franco na Dr Nico. Gitaa la solo, la rizimu, la kati ambalo Wakongo wanaliita mi-solo, na besi, kila moja lina njia yake na yote yanaongea kwa pamoja. Ukiweka kukwaruza kwingi kwenye rizimu umeziba wenzako wote. Mimi mwenyewe ni mpiga rizimu, ninachotaka ni sauti safi isiyovunjika hata ukumbi ukijaa, na mwangwi kidogo. Amplifaya ya transista inanitosha kabisa. Mtu akikwambia bila valvu hutoboi, muulize kwanza anaongelea muziki gani.

Kama unapiga roki au bluzi ni hadithi nyingine, hapo valvu au dijitali nzuri inayoiiga ni haki yako. Kama kanisani unapiga nyimbo za kuabudu zenye miangwi mirefu iliyopangiliwa na mapigo ya wimbo, dijitali itakurahisishia maisha.

7. UMEME, HAPA NAOMBA MSOME MARA MBILI

Kuna dogo namfahamu alikusanya hela za vibarua karibu mwaka mzima, akanunua amplifaya ya valvu ya mtumba kutoka Marekani. Muuzaji akamwambia "ni kuchomeka tu". Akachomeka. Moshi! Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu Tanzania ni 230 na Kenya 240. Transfoma ikaungua, na muuzaji akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Dogo hakuwa na kosa lolote, aliamini mtu mzima. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chochote, geuza nyuma usome kibandiko. Ukikuta 120V tu, unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha, au achana nayo.

Mambo mengine ya kushika:

- Fyuzi ikikatika weka ya namba ile ile. Usizungushie ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi inakatika ili mashine isiungue.

- Usikate pini ya tatu ya plagi, ile ya waya wa ethi. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, Mei 1972, kwa kushika maikrofoni ambayo ethi yake haikuwa sawa. Wewe una nyuzi za chuma mkononi na maikrofoni ya chuma mdomoni. Kama midomo inakutekenya na umeme ukiimba, acha kupiga, muite fundi mitambo.

- Usifungue amplifaya ya valvu kwa udadisi. Ndani kuna volti 300, 400, hata zaidi, na kapasita zinahifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa kwenye ukuta. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua.

- Pedali nyingi zinatumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi ya adapta. Angalia alama iliyoandikwa. Volti na pini lazima zilingane. Miliampea za adapta zikizidi hakuna shida, zikipungua ndiyo tatizo. Pedali nyingi za analojia zinakula miliampea chache tu, hata betri inaziendesha shoo nzima. Za dijitali zinaweza kula mia na zaidi, betri inakufa mapema.

- Umeme ukikatika na kurudi, analojia inaendelea pale pale ilipokuwa. Dijitali inaanza kuwaka upya kama kompyuta, na kama hukusevu sauti zako zimepotea. Sevu kabla ya shoo!

8. SASA UNUNUE NINI?

Kama unaanza na unafanyia mazoezi nyumbani: dijitali, bila aibu. Kifaa kimoja kidogo chenye tundu la hedifoni kinakupa mwangwi, kukwaruza, mashine ya ngoma na chombo cha kutyuni. Utapiga saa sita usiku na mwenye nyumba hatajua. Kama kompyuta unayo, tafuta kifaa cha kuingizia gitaa na uchukue zile programu za bure.

Kama uko kwenye bendi ya ukumbini na dansi ndiyo kazi yako: amplifaya ya transista yenye sauti safi na nguvu ya kutosha, pamoja na pedali moja ya mwangwi. Angalia na uzito. JC-120 ina karibu kilo 28, bodaboda atakuangalia vibaya.

Kama unarekodi: dijitali itakuokolea pesa ya studio na maikrofoni.

Kama unataka kifaa cha miaka 20: pedali ya analojia. Swichi ikifa, tundu likilegea, kapasita ikioza, fundi wa mtaani mwenye lehemu anakirudisha. Kifaa cha dijitali kikiungua chipu kuu, mara nyingi ndiyo mwisho wake, maana chipu ile ina programu ya kampuni ndani na dukani haipo. Nenda kwa fundi wako kabla ya kwenda dukani, muulize: "Hiki kikiharibika utakiweza?" Jibu lake lina thamani kuliko maandishi yote ya kwenye boksi.

Kama kuna mtu anakuuzia valvu: sawa, lakini uliza kwanza valvu za kubadilishia utazipata wapi, na nani mjini kwenu anajua kuzipanga. Bila majibu hayo mawili, umenunua stuli ya bei ghali.

Na chochote unachonunua, nenda na gitaa lako mwenyewe. Zungusha kila kinobu, sikiliza kama kinachakarisha. Tikisa waya kwenye tundu. Kanyaga swichi mara kumi. Kiache kiwake nusu saa. Muuzaji akikataa, rudi na hela yako.

La mwisho: msikilizaji wa ukumbini hajui kama mwangwi wako umetoka kwenye chipu ya ndoo au kwenye namba. Anajua kama gitaa limetyuniwa na kama unashika mapigo. Nyuzi mpya na saa moja ya mazoezi kila siku vitabadili sauti yako kuliko pedali yoyote, tena nyuzi ni rahisi.

Naishia hapo wadau. Mafundi mliomo humu, kama kuna jambo la umeme la kuongeza, liwekeni kwenye maoni hapa chini, na mtaje na mji mlipo ili vijana wajue wapi kuna fundi. Wapigaji nanyi semeni mnatumia nini na kimewadumu miaka mingapi. Matusi ya valvu dhidi ya dijitali sitayapitisha.

Kazi kwenu!